Mwasumini wa Mama

Swabra anakuja Alhamisi, na mkasi na tambara bichi.
Amehamia Bamburi, ana kibaraza chake,
anataka tawi moja la bibi yake.
Nimemwambia njoo, mwanangu, njoo baada ya alasiri,
jua likipoa, mti haujachukia.

Huku darini kwangu Kibokoni kila mtu ana kopo lake.
Mrehani ule kwenye sufuria iliyotoboka ni Twalib, ndugu yangu.
Aliuleta kutoka Lamu umefungwa ndani ya gazeti,
kisha akaenda Maskati, simu zake zikawa za Idi kwa Idi.
Nikiupunguza vichwa, mkono wanuka jina lake.

Shubiri ni Bi Zuwena wa ghorofa ya chini.
Tuligombania mfereji; mwaka wa saba huu hatuamkiani.
Shubiri yake sikuirudisha, naye hakuidai.
Ramadhani niliungua na mafuta ya sambusa,
nikakata jani lake, nikajipaka,
nikanyamaza.

Mpilipili haukupandwa na mtu. Ndege aliudondosha.
Huo nautia maji kwa haki ya ujirani tu.

Na mwasumini.
Mama aliupanda katika debe la mafuta, mwaka nilioposwa.
Kila jioni alichuma, akatunga kikuba,
akakivaa hata kama hakuna harusi,
akakaa nacho kukaanga samaki.
Magharibi tuliijua kwa pua kabla ya adhana.

Sasa nikwambie wewe, karatasi,
jambo ambalo sijamwambia mtu.

Mwezi ule wa msiba maji ya bomba yalikatika.
Wenye mikokoteni wakauza mtungi kama wanauza dhahabu,
na wageni wa matanga wataka chai, wataka udhu, vyombo vimejaa.
Nikateka kisimani, maji ya chumvi,
nikaumiminia mwasumini asubuhi na jioni
nikidhani natenda wema.
Majani yakaungua kingoni
kama barua iliyosogezwa kwenye mshumaa.
Siku ya arobaini, watu wanasoma hitma chini,
mimi niko darini na kijiti kikavu mkononi.
Kwa mama sikulia. Walisema, Mwanasha ana subira.
Kwa kijiti nililia hata kanga ikalowa.

Kesho yake nikavuka daraja la Nyali,
kwa kijana muuza miche kando ya barabara,
Kahindi, miguu imejaa samadi.
Mia tatu. Mia mbili.
Mia mbili na nusu, na udongo wa bure.
Nikaupanda debe lile lile.
Maua ya mama yalikuwa na wekundu kidogo mgongoni,
kama ukucha ambao hina yake imefifia.
Haya ni meupe tu.
Hakuna aliyeuliza.

Miaka kumi na mmoja sasa.
Maharusi wanne wamevaa maua yake.
Shangazi hupanda ngazi akihema, akanusa, akafumba macho:
"Yenyewe. Hii ndiyo harufu ya Shufaa."
Nami huitikia, yenyewe.

Nimeyapanga maneno ya kumwambia Swabra mara tatu nikipalilia,
mara tatu yamenikatikia.
Debe ni la mama. Kutu ni ya mama.
Mkono huu unaonyweshea, mama aliufunza:
kikombe kimoja, polepole, shinani,
usilowanishe majani jua likiwa kali.
Mizizi imeshatoboa chini ya debe,
imepata ufa kwenye saruji, imejitia humo
kama mtu aliyezaliwa humu ndani.

Jana mtoto amenitumia picha ya chungu kipya.
Amekiandika kwa rangi ya buluu, herufi zimepinda: BIBI.

Basi leo nimenunua mtungi wa maji matamu,
mzima, sikushindana bei,
nikaumwagia wote.
Tawi likikatwa,
likatwe limeshiba.